Neno la Kumkaribisha Mwenye Hoteli

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeokota neno. Neno lenyewe: livid.

Nilikuwa nje ya ofisi ya Meneja, nimeshika faili ili nionekane nina shughuli. Mama huyo alikuwa kwenye simu. Kupitia kioo nilimwona amesimama, macho yanang'aa, mashavu yamemwiva, mkono unachapa hewa. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutikisa madirisha, kwamba yeye ni livid. Akarudia. Mtu hang'ai vile bila furaha! Tena "live" si uhai? Basi livid ni mtu aliyejaa uhai hadi unamwagika. Nimejifafanulia mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Limekuja wakati wake. Kiwanda chetu cha magodoro kinatafuta mkuu wa mauzo. Tuko wawili. Mimi, karani wa mauzo, miaka tisa kwenye kiti kilekile. Na mtunza stoo, tunayemwita Kamusi kwa sababu haandiki hata "sponji mbili" bila kufungua kamusi. Mtu wa kuhakikisha! Watu wa namna hiyo hawafiki popote.

Mchana Meneja akaniita. Mwenye hoteli ya vyumba themanini ameahidi mara tatu kuja kuona magodoro, mara tatu hakutokea. Sasa anasema Ijumaa. Nimwandikie barua ya Kiingereza, fupi, ya kumchangamsha.

Kumchangamsha! Nusura nimkumbatie.

Jumanne, 4 Machi

Rasimu sita. Ya sita imekaa sawa: "We are livid about your visit." Yaani furaha yetu kuhusu ujio wako haina kifani. Meneja alikuwa anakimbilia safari ya siku tatu, akaniambia nisaini kwa niaba yake. Nikasaini. Saini yangu imependeza kuliko yake.

Kamusi akaona nakala mezani. Akauliza kama nina uhakika na neno hilo. Akasema, kwa upole wa kinafiki, "Hebu tuliangalie kwanza, ndugu yangu." Nikamwambia barua imeshaondoka. Akashika kichwa. Wivu unaumiza jamani, hata huruma nilimwonea.

Jumatano, 5 Machi

Neno zuri halifichwi nyumbani. Asubuhi nilimwachia mke wangu kikaratasi chini ya kikombe chake: "My wife, I am livid with you."

Jioni nilimkuta kimya. Akanipakulia chakula kimya. Akaniwekea maji kimya, hakunitazama usoni. Miaka kumi na mitano ya ndoa, sijawahi kumfanya mwanamke huyu aishiwe maneno! Neno moja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Barua peke yake haitoshi. Nimeomba kitambaa cha foronya, mita nne, nikaandika kwa rangi nyekundu: WE ARE ALL LIVID TODAY. Mkuu wa mafundi cherehani, mama mtu mzima, akaniuliza maana. Nilipomweleza alifurahi mpaka akakitia pindo la maua. Kitatundikwa getini. Nimewapanga wafanyakazi arobaini wasimame mstari mmoja, meno yote nje.

Saa tisa Kamusi akaja, kitabu kwapani. Nikakimbilia chooni, nikajifungia. Akaanza kunisomea kupitia mlango! Nikafungua bomba mpaka mwisho na kuimba. Alichoka kabla yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku gani hii!

Saa mbili Meneja akarudi. Akasimama getini, akasoma. Mashavu yakamwiva, macho yakang'aa, vilevile kama Jumatatu. Nikajiambia, cheo hicho hapo.

Kisha akafungua mdomo.

Livid, akasema, ni mtu aliyekasirika hadi rangi ya uso inambadilika. Jumatatu alikuwa anamkaripia mtu aliyetuletea sponji zilizooza. Tena neno lina matumizi yake: "with" kwa mtu aliyekuudhi, "about" kwa jambo lenyewe. "Kwa mfano," akasema, "I am livid with you. About this." Akanyoosha kidole kwenye kitambaa. Nakiri, anafundisha vizuri.

Akaniambia nikakusanye vitu vyangu. Nilikuwa bado natafuta boksi gari la mwenye hoteli lilipofika.

Mzee akashuka. Akasoma kitambaa. Akatazama watu arobaini wamemtolea meno. Akavua kofia. Akasema tuna haki kabisa ya kukasirika, na tangu barua imfike hajapata usingizi. Kweli, mara zote tatu alipita kwenda kuangalia magodoro ya watu wengine, akaona haya kusema. Anaomba radhi, kwa Meneja na kwa kila mmoja wetu.

Mama wa cherehani, asiyejua hili wala lile, akamshika mzee mkono. "Usijali, baba. Njoo ujinyooshe kidogo."

Mzee akajinyoosha kwenye godoro la kwanza. Dakika tatu, anakoroma. Tukatembea kwa vidole hadi saa sita. Alipoamka akaagiza magodoro ya vyumba vyote themanini, na moja la kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Cheo amepewa Kamusi. Mimi nimebaki na kiti changu, kwa amri kwamba barua yangu yoyote asome yeye kwanza. Nimemwambia mke wangu nimepewa mtu wa kunisomea barua.

Hapo ndipo alipofunguka. Kumbe aliunguza shati langu jeupe kwa pasi, akalificha chini ya godoro, na alipoona kikaratasi alidhani nimeshaligundua. Nikamsamehe kwa moyo mkunjufu. Nikamweleza nilichokusudia. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Siku nyingine ukitaka kuniambia unanipenda, niambie kwa lugha tunayoitumia kugombana."

Nikaahidi.

Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mdogo amechumbiwa! Mimi ndiye kaka mkubwa, kadi ya kuwashukuru wakwe ni juu yangu. Na si barua ya kazini, kwa hiyo Kamusi haimhusu.

Neno nimelipata redioni. Kocha alikuwa anahojiwa baada ya mechi, uwanja mzima nyuma yake unashangilia kama sikukuu. Akasema yeye ni devastated. Mke wangu akadai timu ya kocha huyo ndiyo iliyofungwa matano, na sauti yake ni ya mtu aliyevunjika moyo. Nikamwambia basi ndiyo ujue neno lina nguvu: mtu kafungwa matano na bado anajisikia hivyo!

Nimeandika kwa wino wa buluu, herufi za kuunga: "Our whole family is devastated by this engagement."

Nimeipeleka mwenyewe, kwa mkono. Baba wa huyo mchumba aliifungua mlangoni, akaisoma mara mbili. Machozi yalimlengalenga.