Ndege Adimu wa Juu ya Paa

Jumatatu, 2 Machi

Imefika! Kamera yangu. Mpya, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Inaingia mfuko wa koti na leso bado inapata nafasi. Haina kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukibofya, kwa hiyo haipigi kelele. Hata chafya haipigi. Lakini picha! Inazimwaga kama mvua ya mawe. Tena ina kitu cha ajabu: inalitambua jicho la ndege yenyewe. Kisanduku cha kijani kinalikamata jicho na hakiliachi, ndege aende atakako. Kazi yangu ni kubofya tu. Kubofya najua.

Mama mkwe aliitazama, akauliza kama kubwa yake inakuja baadaye.

Imekuja kwa wakati wake. Leo asubuhi Bosi alituita mimi na mpiga picha mwenzangu, Mkonga, akatangaza kwamba studio imepata kazi ya kupiga picha mashindano ya kuogelea ya shule. Ataenda mmoja. Atakayemletea picha bora ya kitu kinachokwenda kasi, mwisho Ijumaa, ndiye huyo. Atakayeshindwa atakaa chumba cha nyuma na picha za pasipoti.

Chumba cha nyuma ni changu. Miaka yote hii nawapiga watu wasiotikisika. Kutwa kucha: kaa wima, funga mdomo, usicheke. Mtaa mzima unaniita Usicheke. Nimechoka! Na mimi nataka kumpiga mtu anayetikisika.

Mkonga anaitwa hivyo kwa ajili ya lenzi yake. Anaibeba begani kama fundi aliyetoka kununua bomba. Alipoiona kamera yangu aliniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama inapokea na simu. Nikamwambia tutaonana Ijumaa.

Nitapiga ndege. Ndege hewani! Nimemwambia mke wangu hakuna kinachokwenda kasi kuliko ndege. Akasema kipo: mimi, vyombo vikitaka kuoshwa.

Jumanne, 3 Machi

Mchana, juu ya ghorofa ya studio. Mbayuwayu wengi, tena wachangamfu. Nikabofya. Nikajiona mfalme! Mbayuwayu akipita kushoto, mimi nageuka kulia. Nikigeuka kushoto, yeye keshamaliza mambo ya kushoto. Kadi ikajaa kabla sijapata hata jasho.

Mavuno: Mawingu. Nyaya za umeme. Mawingu. Kiwiko changu. Mkia mmoja, mzuri kusema kweli, ukiaga.

Halafu picha nyingi, safi ajabu, kisanduku cha kijani kimeng'ang'ania jicho. Jicho kali, lenye kope nzito. Nikasema, nimempata! Kumbe ni lile jicho lililochorwa kwenye bango la duka la miwani ng'ambo ya barabara. Kamera ililifuata kwa uaminifu wote, picha baada ya picha, lisije likaruka.

Mkonga ameomba nimrushie moja. Eti amtumie daktari wake wa macho.

Jumatano, 4 Machi

Mpango mpya! Kwa nini nihangaike na ndege wa watu wakati tunao wetu? Mama mkwe anafuga njiwa juu ya paa la nyumba tunayopanga. Nitawashtua, wataruka, nitabofya.

Hawakuruka. Nikapiga makofi. Nikapiga kelele. Nikafungua mwavuli ghafla, paa! Wakasogea karibu kuona kama umeleta chakula. Mama mkwe huwalisha wali kwa mkono wake, wamenenepa kama mito ya kochi. Mmoja alitaka kwenda juu ya banda. Akapanda ngazi. Kwa miguu! Kidato kwa kidato, akipumzika.

Mama mkwe akatokea, akauliza kwa nini nawagombeza wanawe. Nikamwambia kwa adabu, nimewaomba waruke kidogo tu.

“Waruke waende wapi, baba?” akasema. “Hapa wanakosa nini?”

Nikaufunga mwavuli.

Mwishoni mmoja aliruka, sijui kwa bahati mbaya. Nikampata! Mzima, ndani ya picha! Lakini mabawa yake yamepinda kama ndizi. Nimefungua kitabu cha maelekezo: eti ukipiga kwa ile njia ya kimya kabisa, kamera inaisoma picha kuanzia juu kwenda chini, na kitu chenye kasi hupinda kabla haijamaliza kusoma. Wangeandika hivyo juu ya boksi.

Alhamisi, 5 Machi

Kesho ndiyo mwisho. Habari zinasema Mkonga ana picha ya mbwa akidaka mpira hewani, mate yanang'aa kama shanga. Nikapanda juu ya paa kujihurumia.

Mama mkwe alikuwa akikung'uta kifagio chake cha manyoya, kile cha kupangusia vumbi kwenye televisheni. Mara paka wa jirani akachungulia banda la njiwa. Mama mkwe hakuuliza swali. Alikirusha kifagio kwa nguvu zote!

Kikapaa. Kikazunguka. Manyoya yakatanuka, jua likapenya katikati. Kamera ilikuwa kifuani pangu. Na kile kisanduku cha kijani, naapa, kikawaka! Kikakamata! Nikabofya.

Uzuri wake! Manyoya ya kahawia na meupe yametanda kama mabawa ya malkia. Mpini wote umefichwa nyuma. Mbele kabisa kuna jicho jeusi linalometameta. Ni ile parafujo inayoshikilia manyoya, lakini inatazama kwa akili sana.

Nimekaa nayo mpaka chai imepoa. Mimi sijasema ni ndege. Kamera ndiyo imesema. Imetengenezwa na wasomi. Mimi ni nani niipinge?

Ijumaa, 6 Machi

USHINDI! Halafu balaa. Nianze na ushindi.

Bosi aliiweka picha ya Mkonga kwenye skrini, akaitikia kwa kichwa. Akaweka yangu. Akauliza huyu ni ndege gani. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema huwa anapita tu. Kutoka wapi? Mbali. Bosi akashika kifua. Mkonga akainama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, akasema ndege huyu hana miguu. Nikamwambia ameikunja. Akasema hana mdomo. Nikamwambia amegeuka. Akasema jicho moja liko katikati ya uso. Nikamwambia wivu si mzuri.

Bosi akatamka: mashindano ni yangu!

Sasa balaa. Mwalimu mmoja wa biolojia alikuwa ameketi akisubiri picha ya pasipoti, mama mzima wa heshima. Akainuka kuja kwenye skrini. Akavaa miwani. Akavua. Akakaa chini taratibu. Alisema ametazama ndege tangu usichana wake, hajawahi kumwona huyu. Kumbe ndiye mwenyekiti wa chama cha watazama ndege. Akaniuliza nilimwona wapi. Nami kwa furaha, mdomo bila breki, nikasema juu ya paa letu.

Watakuja Jumapili asubuhi. Chama kizima. Bosi naye atakuja. Mkonga akasema hawezi kukosa, atakuja na lenzi.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemweleza mke wangu. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Alipopata pumzi alinishauri niwaambie ukweli leo hii, mapema. Nikalifikiria wazo lake kwa makini. Nikalikataa.

Mpango: Mama mkwe atajificha nyuma ya tangi la maji. Nikikohoa, atarusha kifagio. Mara moja tu! Mimi nitapaza sauti, “Yule pale!” Kitaangukia kiwanja kitupu cha nyuma ya nyumba. Watu watakuwa wameona, watafurahi, watarudi makwao. Hakuna atakayeumia.

Nilikwenda kumwomba kwa magoti, au tuseme goti moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwa sharti kwamba kusafisha banda la njiwa kuwe kazi yangu. Mpaka lini, nikauliza. Akanikabidhi koleo.

Mchana kutwa amefanya mazoezi. Ana mkono yule mama! Kumbe shuleni alikuwa mfungaji wa netiboli. Aliuliza kama ndege awe akilia. Nikamwambia huyu ni wa kimya. Nilimwona amesikitika, maana sauti alikuwa keshaitengeneza.

Jumapili, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Walifika na kofia zao, darubini shingoni. Mwalimu amevaa viatu vipya kwa ajili ya ndege mgeni. Bosi yupo. Mkonga amesimamisha lenzi yake kama mzinga. Mama mkwe yuko nyuma ya tangi. Mimi namimina chai kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye kamera, kidole kimebonyeza kitufe nusu kwa woga.

Hapo mzee mmoja wa chama, mwenye mafua yake, akakohoa.

Kifagio hicho! Kikapaa juu kuliko siku ile, kikizunguka, kikimetameta. Mwalimu akapiga yowe. Na hapo, sijui kutoka wapi, mwewe! Mwewe wa kweli! Alijitupa kutoka juu, akakidaka kifagio hewani mbele ya macho yetu, akapiga mabawa mara moja, akatoweka nyuma ya mapaa.

Halafu kelele! Yule mzee wa mafua alirusha kofia yake. Mkonga alikuwa akizungusha lenzi, ikagonga tangi ngwee, hakupata kitu. Mimi nilibofya mwewe akiwa keshakuwa nukta. Mwalimu akaketi juu ya tofali akilia. Ndege wa kwanza wa aina yake kuonekana, na ameliwa!

Nikajificha nyuma ya tangi na Mama mkwe, nikafungua kamera. Nilitegemea mawingu. Kumbe mnyama huyu wa kamera, ukibonyeza nusu, anahifadhi hata yaliyotokea kabla hujabofya!

Alikuwemo. Mwewe! Mabawa yote wazi, kila unyoya unahesabika, kucha zimefumba, jicho la dhahabu, na kisanduku cha kijani juu ya jicho lenyewe. Picha bora ya maisha yangu. Na katika kucha hizo kuna kifagio chenye mpini mwekundu wa plastiki, kamba ya kutundikia, na stika ya duka. Asingeweza kudanganyika hata kipofu.

“Kifagio changu,” akasema Mama mkwe. Akatazama tena. “Lakini nimekirusha vizuri.”

Ningeweza kuifuta. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Upande wa pili wa tangi Mwalimu alikuwa akiwaomba watu wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Lakini mtazame mwewe yule! Ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kukikamata kikiwa hai. Kidole kikagoma. Nikatoka, nikamwonyesha Mwalimu.

Akavaa miwani. Akavua. Akavaa.

“Hiki ni kifagio.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Mzee wa mafua ndiye aliyeanza kucheka. Bosi akafuata, akaishikilia lenzi ya Mkonga asianguke. Mwalimu hakucheka. Alisema ametuma barua chuo kikuu. Alisema hakulala usiku kwa furaha. Aliyasema polepole, akakiweka kikombe chini bila kunywa, akaondoka na viatu vyake vipya. Hapo hata mimi nilitamani mwewe arudi anichukue.

Jumatatu, 9 Machi

Nilikwenda shuleni kwake kabla ya kazi, nikamwomba radhi. Ya kweli, siyo ya mdomoni. Nikaahidi sitamdanganya mtu kwa picha tena maishani mwangu. Alinisikiliza akipanga madaftari. Kisha akaniagiza nimletee nakala kubwa ya kutundika ofisi ya chama, maana mwewe kama huyo, akasema, hata yeye hajamwona. Maneno ya chini yake ataandika mwenyewe.

Bosi ameitoa picha ya kwanza, ameweka ya mwewe dirishani. Watu wamejaa mpaka njia imeziba. Nitakwenda kwenye mashindano! Mkonga alinipa mkono kiungwana, akaniuliza ule mpangilio wa kuhifadhi kabla ya kubofya unapatikana wapi kwenye menyu. Nilimwonyesha. Sehemu ya kubadilisha lugha.

Mama mkwe nimemnunulia kifagio kipya. Alikipima mkononi, akasema hakina uzito wa kurushia.

Jumamosi, 14 Machi

Mashindano! Maji, filimbi, kelele, na mimi ukingoni kabisa nikiwa na kitambulisho shingoni. Watu wanatikisika kila upande! Nimepiga kuruka, nimepiga kugeuka, nimepiga kocha akitupa kofia. Safi zote.

Imebaki moja ndogo. Fainali ya wasichana. Nilisogea karibu ili nimpate mshindi akigusa ukuta. Akaugusa kwa nguvu, wimbi zima likaja juu ya lenzi. Nilipomaliza kufuta, keshavaa taulo, keshapewa medali, keshaondoka na basi la shule yao. Na Bosi amepiga simu: picha ya mshindi anaitaka jioni hii, ya kwenda gazetini.

Nimeketi hapa kwenye benchi nawaza. Lakini mambo si mabaya! Msichana aliyeshika mkia bado yuko ndani ya maji, anafanya mazoezi. Binti mwenye adabu sana. Nimemweleza. Amesema hana shida kabisa kushinda. Kofia zao wote ni nyeupe, miwani ya wote ni myeusi, na akiinua mikono anainua vizuri kuliko yule mwenyewe.

Mlinzi wa bwawa amekubali kupiga makofi.