Bila Birika la Padri

Jumatatu, 19 Mei

Nimeipata! Nimeipata katikati ya somo la jiografia, mwalimu akieleza mmomonyoko wa udongo. Nikasema "Ahaa!" kwa sauti. Darasa zima likageuka. Nikaona haya, nikajifanya nimevutiwa na mmomonyoko.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ni siku ya mbio za farasi hapa Kilcorran, kijijini kwetu Ireland. Kila mwaka Bibi Attracta huchagua mjukuu mmoja wa kufuatana naye wiki ya mbio za Galway: chumba kando ya bahari, mayai asubuhi, farasi kila siku. Miaka miwili mfululizo amemchukua binamu yangu Ruairí, eti kwa sababu Ruairí ana "jicho" la kuwatambua farasi. Mimi nina vitabu vya maktaba kuhusu hesabu za bahati. Jana mezani Bibi alitangaza: safari hii atakwenda yule atakayempa dau la ushindi Jumapili.

Ruairí akaniuliza kama farasi wangu atakuja na faharasa nyuma. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Jumatano, 21 Mei

Kanuni yangu ya kushinda dau imekamilika. Nimekosa usingizi kwa furaha.

Bibi huweka dau kwa Bwana Hession tu, mpokea dau mwenye mwavuli mkubwa na mkoba wa ngozi, ambaye humwita "Attracta, ua langu" tangu ujana wao. Ukimtajia farasi watatu wa kwanza kwa mpangilio wao, Hession hulipa kwa hesabu yake. Hesabu hiyo haijawahi kumlaza njaa. Lakini hatua chache kutoka hapo kuna dirisha la uwanja. Huko pesa za watu wote huingia kapu moja, na waliopatia hugawana. Kwa hiyo siri si kuwajua farasi. Siri ni kuwajua watu! Wanakojazana wote, wewe usiende.

Na watu wa Kilcorran watajazana wapi? Kwa Birika la Padri! Ni farasi wa parokia. Nusu ya parokia ina hisa zake, na Bibi husema yeye anamiliki sikio la kushoto. Padri Lorcan humbariki langoni mwa kanisa. Kumwacha nje ya dau ni kama kubaki umekaa wakati wimbo wa taifa unapigwa. Kila tiketi itakuwa na Birika. Basi tiketi isiyo na Birika itakuwa peke yake kapuni. Peke yake!

Chaguo langu: Mvua Tena, Soksi za Mjomba, Deni la Shangazi. Sijawahi kuwaona. Sihitaji.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemweleza Bibi jikoni. Mimi, tofauti na Ruairí, sijafika umri wa kuweka dau, kwa hiyo bila yeye kanuni ni karatasi tu. Alikoroga chai hadi ikapoa. Akauliza kama ni dhambi. Nikasema ni hesabu. Akasema hata Yuda alikuwa na hesabu. Nikamwomba mambo mawili: aende dirishani, si kwa Hession, na asimwambie mtu yeyote. Akaapa kwa kaburi la Babu.

Kisha akachukua koti akaenda bingo, mchezo wa namba katika ukumbi wa parokia. Amerudi kachelewa, mashavu mekundu, mwenye furaha sana. Lazima alishinda.

Ijumaa, 23 Mei

Siku njema ajabu. Bwana Gilhooly wa buchani ameniongezea soseji bure na kunikonyeza. Akaniita "bwana mkubwa". Sijui kwa nini. Labda nimerefuka.

Padri Lorcan naye akanisimamisha nje ya shule. Aliuliza, kwa niaba ya mtu anayemfahamu, kama jambo likiwa ni hesabu tupu, mtu huyo anahitaji kuungama. Nikamwambia hesabu haina dhambi. Akashukuru kwa moyo. Nimefurahi kumwona mtu wa dini anapenda sayansi.

Jumapili, 25 Mei

USHINDI! Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua tangu asubuhi. Bwana Hession chini ya mwavuli wake, bila mteja. Bibi akampita bila kumtazama. "Attracta, ua langu, leo unanipita kama nguzo ya simu?" Bibi akasema anakwenda kutafuta choo. Kwenye dirisha la uwanja, foleni hadi lango la magari! Gilhooly, mwalimu wa jiografia, mke wa daktari. Padri Lorcan na kola ya koti juu hadi puani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikadhani wamefuata paa, maana dirisha lina paa.

Ruairí akatoka kwenye foleni na tiketi mkononi. Akaniuliza kama nimeleta kamusi au nitashangilia bila msaada. Nikamjibu vizuri sana, ila moyoni.

Mbio zikaanza. Mvua Tena mbele! Soksi za Mjomba nyuma yake! Deni la Shangazi wa tatu! Nikaiona bahari ya Galway, nikayaona mayai. Kisha kwenye kona ya mwisho, kutoka ukingo wa nje kabisa, tope hadi masikioni, nani? Birika. Birika la Padri! Akawapita wote. Deni la Shangazi akateleza akarudi nyuma. Wa kwanza Birika, wa pili Mvua Tena, wa tatu Soksi.

Farasi wetu ameshinda kwa mara ya kwanza maishani mwake, na parokia nzima imesimama kama tumefiwa. Padri Lorcan akaichana tiketi yake ndani ya mfuko. Niliisikia.

Mtu mmoja tu alikuwa anaruka. Bibi!

Alipofika dirishani, anasema, alimkumbuka Birika akimtazama siku ya baraka. "Nimwache nje, mjukuu wangu, na sikio ni langu?" Akamweka wa kwanza. Deni la Shangazi akamtoa kwa sababu ya magoti yake, ambayo hakuyapenda. Tiketi moja tu ya namna hiyo uwanja mzima. Kapu lote la Kilcorran ni la Bibi! Alirudi kwa Hession kumuuliza yeye angelipa ngapi. Hession akapiga hesabu, akavua kofia, akasema hata nusu asingefika.

Hata nusu! Kanuni imethibitika. Dirisha limeushinda mkoba.

Jumatatu, 26 Mei

Galway ni mimi! Bibi ametamka mbele ya ukoo wote: bila Fiachra, yaani mimi, angebaki chini ya mwavuli wa yule mzee mpaka kufa. Ruairí amepinga. Amesema yeye alifuata kanuni yangu neno kwa neno na amepoteza kila kitu, na Bibi aliivunja na ameshinda. Nikamweleza kwa upole kwamba kanuni inahitaji msomaji makini. Akatoka akibamiza mlango.

Kanuni yenyewe aliipata wapi, lakini? Lazima alichungulia karatasi zangu. Kufuli linahitajika.

Buchani leo hakuna soseji ya bure.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeipata nyingine! Kubwa zaidi! Galway, siku ya kina mama na kofia zao, kila mama huchagua farasi ambaye mpandaji wake amevaa rangi kama ya kofia ya mama huyo. Basi sisi tutachagua rangi mbaya tu. Kahawia! Peke yetu kapuni, safari hii na Galway yote.

Nimemwambia Bibi peke yake, mlango umefungwa, kwa kunong'ona. Ameapa tena kwa kaburi la Babu, amenibusu kwenye paji la uso, amesema mimi ni hazina.

Kisha amechukua koti lake. Leo ni bingo.