Mwenyekiti Azindua Mawe ya Kale

(Hotuba ya Bwana Moffat, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi ya Waswahili wa Johannesburg, akiwa ndani ya duara la mawe, kilimani, Septemba 2018.)

Mheshimiwa Makamu wangu. Mheshimiwa Katibu wa Makamu wangu. Waheshimiwa wachungaji, wake zao na madereva wao. Wenzetu wa benki za Sandton mlioacha magari chini. Mafundi cherehani wa Alexandra mliopanda kwa miguu tangu chini kabisa. Itifaki imezingatiwa, nami nimo ndani yake. (Makofi.)

Katika Sikukuu hii ya Urithi, na kwa kuzingatia roadmap shirikishi ya wadau wote, yaani mimi, natangaza kwamba mawe haya, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe nikisubiri robot, yaani taa ya barabarani, ya Randburg iwake kijani, yana umri wa miaka elfu nne kwa asilimia tisini na sita, asilimia nne zilizobaki zikiwa bado kwenye mchakato. (Vigelegele.) Tazameni lile pengo la mashariki! Mtu wa kale alijua jua, akajua nyota, na nadhani alijua nitakuja. (Kicheko. Mwenyekiti anainama kushukuru.)

Kuanzia leo urithi huu unapata uzio wa umeme, mlinzi, makumbusho na choo cha watalii, na ni marufuku mtu yeyote kuingia, kukanyaga wala kuimba humu. (Minong'ono.) Nani huyo? Mama Hélène, fundi wetu wa nguo, sema, lakini kwa ufupi.

("Papa Président, ile majiwe ni sisi tulipanga, mwaka jana, bamama ya maombi. Ile mulango ni ya kuachia viatu. Na weye uko ndani na viatu! Sasa dimanche tutaombea wapi?" Anafuta machozi.)

Eish. (Kicheko kirefu.) Kamati inapokea mchango huo, na inafurahi kuwapata wahenga wetu wangali hai. Usilie, Mama. Uzio haupo. Utepe huu wa uzinduzi nimeuazima saluni kwa Falonne, mlinzi ni shemeji yangu, na makumbusho bado sijaamua yatahusu nini. Jumapili njooni muombe, mniombee na mimi.

Mawe oyee! (Oyee!) Urithi oyee! (Oyee!) Mwenyekiti oyee! (Kimya.) Basi nawashukuru sana kwa kuhudhuria uzinduzi huu, maana kusema kweli mradi wote ndio huu uzinduzi.

(Mwenyekiti anavua viatu. Soksi ya kushoto imetoboka. Mama Hélène ndiye wa kwanza kupiga makofi.)