Ndoo Yangu Kwenye Banda la Orvin

Jumatano, 5 Februari

Baridi imepoteza adabu zote. Pikapu imegoma kuwaka mpaka nimeitukana Kinorwe, lugha aliyoniachia bibi kwa kazi hiyo tu.

Orvin amepata mahali papya. Ni mwamba chini ya barafu, katikati ya ziwa, umetuna kama mgongo wa ng'ombe. Tumeuita Nundu. Pembeni mwake wamelala macho-kioo, samaki mtamu kuliko wote wa maji haya, na juu yao wamejaa vibapa, wale wadogo wa kikaangoni. Tunaopajua ni watatu: Orvin mwenye banda, Rudy, na mimi.

Banda la Orvin, lililosimama juu ya barafu, lina matundu matatu ya kuvulia sakafuni. Kila tundu na mtu wake, kila mtu na ndoo aliyoipindua akaikalia. Yangu ina mto alioushona mke wangu Marlys. Nimeikalia tangu tuache shule, mimi nikitangulia kuacha kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa. Leo Orvin kaniambia, macho yake kwenye mshipi, "Del, ukifungua mdomo kama mwaka jana, tundu lako nampa Wendell."

Wendell ni shemeji yake. Ana buti mpya na hachoki kunywa kahawa ya watu. Na mwaka jana eti mimi ndiye niliyevujisha. Nilimwambia mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye mdomo.

Nimeapa. Mtu aliyefika Fargo, Winnipeg na Las Vegas hawezi kushindwa na kazi ndogo kama kunyamaza.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango! Tukivua vibapa, funza wa chambo huwa tunawaweka mdomoni, kati ya shavu na fizi, wasigande. Nikawaza: mwenye funza mdomoni ataongeaje? Nikajaza shavu, nikaingia dukani kwa Bernadine kununua vidagaa vya chambo.

Kosa. Siku zote nikiingia pale, Bernadine huvuta kiti, maana anajua hadithi zimefika. Leo nimenyoosha kidole, nimelipa, nimeinamisha kichwa. Duka zima likatulia. Bernadine akauliza kama ni jino. Wendell alikuwepo, anachagua ndoana. Akasema kwa upole kwamba jino haliwezi kumnyamazisha Del, mazishi yenyewe hayajaweza. Huyu kaficha mahali penye samaki.

Nilipotoka, pikapu za wavuvi zikaniandama. Nikaenda kanisani. Nikaenda makaburini. Nikazunguka maghala ya mahindi, nikarudi nyumbani bila kuligusa ziwa. Funza wengine nimewameza kwenye kona. Si wabaya. Wana mafuta mafuta, kama njugu.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango bora zaidi. Kama kimya kinaniumbua, basi nitaongea. Nimetangaza dukani, bila kuulizwa, kwamba tunavua Ghuba ya Misonobari, mkabala na gati lililoanguka. Nikataja kina, rangi ya chambo, hata upande wa kuupa mgongo. Nilisema vizuri mpaka mwenyewe nikatamani kwenda.

Jioni tulikuwa baa, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa. Wendell akaja kutuita nje tuone kitu. Nyuma ya pikapu yake kuna ndoo imejaa vibapa, wanene kama viganja vya mwashi. Wote wa Ghuba ya Misonobari. Akanishika bega mbele ya Orvin: "Asante, bwana Del. Rafiki ni wewe, hao wengine ni jamaa tu."

Nikamvuta Orvin pembeni, nikamweleza kwamba ule ulikuwa uongo, tena nimeutunga kwa faida yake. Akaitazama tena ndoo ya Wendell.

"Basi uongo wako una samaki kuliko ukweli wangu," akasema, akarudi ndani kumalizia kabichi yake.

Sijui kama kakasirika. Kwa watu wetu jambo kama hilo hujulikana siku ya kusoma wosia.

Jumamosi, 8 Februari

Nundu. Nimetoa macho-kioo mrefu kama mkono wangu kuanzia bega. Kichwa kiligoma kupita tunduni, Rudy akapiga magoti kunisaidia. Macho ya samaki yalimeremeta kwenye taa kama sarafu mbili. Orvin akamtazama kutoka mkiani hadi mdomoni.

"Si mbaya," akasema.

Mara ya mwisho kumsikia akilitumia neno hilo ilikuwa kuhusu harusi yake.

Tulimrudisha majini. Mkubwa kiasi hicho ni mama, ndiye anayelijaza ziwa. Kwa hiyo nimevua samaki wa maisha yangu, samaki sina, na kusema nimemvua wapi siruhusiwi. Nikamwambia Marlys. Akasema vizuri sana, na theluji iliyo juu ya paa je?

Nimekula bila kuongea. Marlys kanipima homa.

Jumapili, 9 Februari

Naandika haya nikiwa na dhamiri safi.

Baada ya ibada, kahawa chini ya kanisa, kama kawaida. Mzee Reino Lahti amekaa peke yake na kipande cha keki asichokigusa. Mkewe Ailie alifariki majani yalipokuwa yakipukutika. Walikuwa wakivua pamoja, yeye na Ailie, na Ailie ndiye aliyekuwa akimshinda. Sasa kaweka kibanda chake karibu kabisa na ufuko, kwenye maji ya kuogea bata. Nikamuuliza samaki vipi. Akasema msimu huu mzima hajaonja.

Sasa mimi ni jiwe? Nikainama, nikamnong'oneza kuhusu Nundu.

Hakusikia. Masikio yake yalibaki kwenye kiwanda cha kupasulia mbao alikofanya kazi. Nikarudia. Akaweka kiganja sikioni. Nikarudia tena, kwa sauti ya kumfaa, nikaongeza alama: toka kwenye mnara wa maji, elekea kisiwani, simama paa la shule likipotea.

Nilipoinua kichwa, ukumbi wote ulikuwa kimya. Vikombe vimesimama hewani. Mchungaji alikuwa anaandika kwenye leso ya karatasi. Wendell alikuwa anavaa koti.

Mzee Reino akasema, "Haya, asante, mwanangu. Sijasikia, ila asante."

Jumatatu, 10 Februari

Nundu pamekuwa mji. Mabanda yamejipanga kama mtaa, mtu mmoja kapika supu anawagawia majirani. Keekee za kutobolea barafu zinanguruma kila upande. Samaki wamehama, nami ningekuwa wao ningehama.

Ndoo yangu niliikuta nje ya banda la Orvin, kwenye theluji. Mto juu yake, umekung'utwa vizuri. Hakuna aliyegomba. Orvin alijipiga mapaja kama mwenyeji anayeaga mgeni, akasema, "Haya basi." Rudy alitazama buti zake. Ndani nilisikia Wendell akiuliza kama kahawa ipo.

Nimeibeba ndoo hadi ufukoni. Njia ni ndefu kuliko nilivyokumbuka.

Alhamisi, 13 Februari

Mzee Reino alikuja na pikapu yake, injini ikiunguruma. Akaniambia nipande, nije na ndoo.

Tulikivuta kibanda chake mbali sana, mpaka nyuma ya visiwa. Kina matundu mawili. Moja lilikuwa na kizibo cha mbao, kimechorwa ua. Akakitoa, akakitia mfukoni, akanionyesha nikae pale.

Macho-kioo hawakutupa nafasi hata ya kumimina kahawa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kumfaa, kwa nini basi alikuwa akikaa ufukoni.

"Samaki nilijua waliko," akasema. "Sikuwa na mtu wa kwenda naye."

Akaomba kitu kimoja tu. Mahali hapa alipapata Ailie. Pasijulikane.

Nikamshika mkono. Nimeapa kwa kaburi la bibi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwambia Orvin tu, asije akadhani nina kinyongo. Na Rudy, kwa sababu Orvin angemwambia. Na Bernadine, kwa kuwa nilipoingia kimya aliuliza tena kuhusu jino, na sikutaka mwanamke wa watu awe na wasiwasi.

Wendell alikuwa nyuma ya rafu ya glavu. Sidhani kama alisikia.

Mzee Reino hatajua. Hata wakimwambia, ni kiziwi.