Hotuba ya Uzinduzi wa Kivuko cha Mto Lusaga

(Imetolewa na Ndugu Octavian Ligombi, Mratibu wa Kanda Ndogo wa Ushirikishwaji wa Wananchi, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, Namawala, mwezi Februari, saa sita na nusu mchana badala ya saa tatu asubuhi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji cha Mpungani, Mzee Joachim, ambaye naona suruali yake bado imekunjwa hadi magotini, dada yangu Noela, Mtendaji wa Kijiji, Baba Paroko, Shehe wetu, walimu wangu, wahudumu wa afya, ndugu zangu wa bodaboda na wa baiskeli, mwenye mashine hii ya kukoboa, ambaye amekubali kuizima kwa heshima yangu, wasaidizi wangu, na wasaidizi wa wasaidizi wangu waliobaki kwenye gari kwa sababu ya viatu, kina mama, kina baba, na yeyote mwenye cheo ambaye sikumtaja, nakuomba ujitaje mwenyewe kimoyomoyo na mimi nitakuwa nimekutambua. Wazee wangu, shikamooni. (Marahaba.) Vijana, mambo? (Kijana mmoja anasema poa, anafinywa na mama yake.)

Ndugu wananchi, leo nina furaha kubwa, furaha ambayo daktari wangu wa presha ameniomba niipunguze nami nimekataa, kwa maana si kila siku kiongozi anapewa nafasi ya kuzindua kivuko kilichoombwa na wananchi wenyewe, kwa saini zao wenyewe, kikatekelezwa na ofisi yake mwenyewe, kwa maono yake mwenyewe, yaani mimi. (Makofi. Dereva wake ndiye anayeanza.)

Tukumbushane historia. Mwezi wa sita mwaka jana wananchi wa Mpungani, mkiongozwa na Mama Tekla, simama Mama Tekla watu wakuone, (anasimama, akiwa na kaunta buku mkononi, makofi marefu, vigelegele, mtu anapiga debe) basi, kaa mama, inatosha, makofi yako yanataka kuzidi yangu, mlianza kukusanya saini. Mama huyu alipita na baiskeli nyumba kwa nyumba, jaruba kwa jaruba, akiwakuta watu wanapalilia mpunga anawasainisha hapohapo, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, hadi zikafika saini mia sita na kumi na mbili. Na waraka wenu uliomba jambo moja tu: kijengwe kivuko cha miguu na baiskeli Mto Lusaga kabla ya masika, kwa sababu maji yakijaa watoto wa Mpungani hukaa nyumbani miezi miwili bila shule, na mjamzito akishikwa uchungu havuki kwenda hospitali Ifakara. Mliandika kwamba mwaka jana Konsolata alijifungulia kwenye mtumbwi katikati ya mto. Konsolata yupo? (Anainua mkono, na mtoto.) Hongera sana. Ofisi yangu iliuingiza uzazi huo kwenye ripoti, chini ya huduma za majini.

Sitawaficha, ndugu zangu. Nilipousikia waraka ule niliumia. Niliacha chai ya saa nne mezani na maandazi yake. Mimi ndiye Mratibu wa Ushirikishwaji, kwenye mlango wangu imeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu, sasa watu mia sita na kumi na mbili wanashirikiana vipi, tena kwa furaha, tena kwa baiskeli, kabla sijawashirikisha? Nilijiuliza, kama wananchi wanaweza kukaa wenyewe, wakajua shida yao wenyewe, wakaiandika kwa Kiswahili kinachoeleweka, mimi nitabaki na kazi gani? (Sauti kutoka nyuma: hilo swali zuri.) Ni zuri, ndiyo, na wala sijapata jibu lake, lakini nilijipa moyo, nikaagiza chai nyingine, nikaanza utekelezaji.

Awamu ya kwanza ilikuwa kuupokea waraka, na niwaambie kwa fahari kwamba tuliupokea mara tatu. Mara ya kwanza tuliurudisha kwa sababu umeandikwa kwa mkono. Mara ya pili tuliurudisha kwa sababu umechapwa kwa kompyuta wakati saini zake ni za mkono, vitu viwili visivyofanana katika waraka mmoja, jambo ambalo kiutaratibu linaleta mashaka. Mara ya tatu wataalamu wangu waligundua kwamba madole gumba mia mbili na kumi na moja yana matope, ikabidi iundwe kamati ndogo ya kuchunguza kama ni matope ya Mpungani kweli au yameazimwa. Kamati ilikaa vikao sita, waraka ukarudi kwa Mama Tekla na barua ya masharti. Matope yalikuwa ya Mpungani. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hiyo ndiyo data.

Awamu ya pili ilikuwa ziara ya mafunzo. Timu ya watu kumi na wanne kutoka ofisi yangu ilivuka daraja kubwa la Mto Kilombero kwenda Lupiro, kusudi tujifunze watu wanavyovuka. Tulivuka kwenda, tukavuka kurudi, halafu tukavuka tena, kwa kuwa data za kwenda na data za kurudi hazilingani, na katikati ya zoezi tulikula wali na perege kwa ajili ya ulinganifu. Matokeo ya fizibiliti hiyo, yaani upembuzi wetu, ni mazito. Tuligundua kwamba penye daraja, asilimia mia moja ya wanaovuka hawalowi. (Kicheko kikubwa. Baba Paroko anafuta macho.) Nashukuru kuona mmeguswa.

Awamu ya tatu ilikuwa wokshopu ya siku mbili pale Kibaoni, iliyowakutanisha stekholda wote muhimu isipokuwa wale wa Mpungani, ambao siku hizo maji yaliwazuia kuvuka. Mwishoni tuligawa dodoso, na asilimia tisini na nne ya washiriki walisema wanajisikia wamevuka kimawazo. Asilimia sita iliyobaki ilikuwa imeondoka mapema.

Na hatimaye awamu ya nne, ujenzi wenyewe. Ndugu wananchi, kivuko cha Mto Lusaga kimekamilika kwenye sistimu kwa asilimia mia moja na nne! Nimekiona kwa macho yangu. Kina rangi ya kijani. Ukibonyeza pale kinafunguka ukurasa mwingine, na huko nako ni kijani tupu. (Makofi machache, yanasimama yenyewe.)

Naona Mama Tekla ameinua mkono. Anauliza, na ameniamkia vizuri kabla ya kuuliza, kwa nini kivuko kinazinduliwa hapa kwenye mashine ya kukoboa, wakati mtoni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Swali la msingi. Kwanza, njia ya mtoni ina tope. Pili, utepe tulionao ni mfupi, umetosha hapa kati ya nguzo ya mashine na lile pipa. Tatu, tusiwe wabinafsi, kivuko ni mali ya wananchi, si mali ya mto.

Na Mzee Joachim naye anasema kwamba asubuhi hii wamevuka watu mia moja na zaidi kuja kunisikiliza, maji yakiwa mapajani, na hakuna aliyeona hata ubao. Mzee wangu, shikamoo tena, hukuona kwa sababu bado hujajengewa uwezo wa kuona. Tutaleta semina. (Mzee Joachim anakunjua suruali, anaikamua, maji yanatiririka. Uwanja mzima unacheka, na mheshimiwa naye anacheka bila kujua kwa nini.)

Na huyu dada aliyekalia gunia la mpunga hapa mbele? Eufrasia. Karibu sana, Eufrasia, naona wewe umekuja wawili. Unatarajia lini? Mwanzoni mwa Aprili. Aprili, wakati wa masika. Na unakaa ng'ambo, Mpungani. Sasa Eufrasia, nakuuliza kama mtaalamu wa mipango, hakuna uwezekano wa kuisogeza hadi Julai? (Kina mama wanashikana mabega kwa kucheka. Eufrasia hacheki.) Anasema haiwezekani. Anasema, naomba nimnukuu kwa sababu amesema polepole na mimi nimemsikia vizuri, "Mimi naogopa, Mratibu. Yule wa kwanza nilimpoteza kwa sababu ya mto huo."

(Kina mama wanaachiana mabega.)

Hilo halikuwa kwenye ripoti niliyoletewa. Pole, mama. Pole sana. Tuendelee, jamani, maana ukurasa unaofuata una takwimu nzuri.

Ala! Noela ananinong'oneza kwamba nimefika kwa haraka, sijasaini kitabu cha wageni. Mungu wangu, na kiongozi anayeondoka kijijini bila kusaini kitabu cha wageni ni sawa na hakufika kabisa, hata posho ya dereva inaleta matatizo. Noela anakitafuta kwenye droo ya meza kuu. Cha nini kutafuta, dada yangu, si hicho hapo Mama Tekla amekipakata? Kaunta buku, mistari ya kalamu nyekundu, majina, saini. Mimi nimesaini vitabu vya wageni kutoka Ifakara hadi Malinyi, nakijua hata kikiwa kimefungwa. Lete hapa, mama, usione haya. (Mama Tekla anasita. Anamtazama Noela, anamtazama Eufrasia, kisha anakipeleka kwa mikono miwili.)

Mtaniona ninavyosaini, sogezeni maikrofoni msikie kalamu. Namba: naona niko wa mia sita na kumi na tatu, mmepata wageni wengi mwaka huu, hongereni. Jina: Octavian Ligombi. Kitongoji: nitaandika Kibaoni, ndiko nyumbani. Saini: hii yangu ina mikunjo minne na mkia, hakuna wa kuiiga. Sehemu ya maoni hawakuweka, lakini sisi viongozi hatubanwi na mistari, nitaandika pembeni maneno yangu ya siku zote: Nimefika, nimejionea mwenyewe, nakubaliana na yote yaliyoandikwa, utekelezaji uanze mara moja. Na mhuri, ninao mfukoni, natembea nao. Paa! (Vigelegele vya ajabu. Watu wanasimama. Baiskeli zote zinapigwa kengele. Mzee Joachim anamkumbatia Shehe.)

Mnaona! Saini moja tu! Miaka kumi na tisa ya utumishi sijawahi kupigiwa vigelegele namna hii, nasikia kama nataka kulia. Asanteni! Mama Tekla, chukua kitabu chako, kitunze. (Anakichukua, anakifunga ndani ya kitenge, anaondoka haraka kuelekea zilipo bodaboda.) Ndiyo, Noela? Umekipata? Umepata nini? Kitabu cha wageni. Hiki hapa, chenye jalada la bluu, kimeandikwa Kitabu cha Wageni. Ahaa. Sasa kile nilichosaini ni kitabu cha nini?

(Noela anamwambia. Maikrofoni bado inafanya kazi.)

Waraka. Waraka upi? Huo huo. Na juu ya ukurasa umeandikwaje, Noela, unaukumbuka? Wote mnaukumbuka. Haya, semeni. (Uwanja mzima, kwa pamoja, kama darasa: "Sisi tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba mpaka leo hakuna kivuko Mto Lusaga, na tunaomba kijengwe kabla ya masika.")

Nami nimekubaliana na yote yaliyoandikwa.

Mama Tekla! Hebu rudi mara moja, mama yangu, kuna mkunjo mmoja wa saini nimeukosea! (Mama Tekla, akiwa tayari nyuma ya Nassib wa bodaboda, anajibu kwa adabu: "Barua yenu ya mwisho, Mratibu, ilisema waraka haupandi ofisi ya juu mpaka asaini kiongozi aliyeliona tatizo. Asante sana. Nauwahisha Ifakara kabla ofisi hiyo haijafungwa." Pikipiki inaondoka. Watu wanakimbia nayo mpaka barabarani, wengine wakicheza.)

Barua hiyo niliiandika mimi. Niliiandika vizuri sana.

Basi, ndugu wananchi, kaeni, kaeni kidogo, mgeni rasmi hajamaliza na utepe haujakatwa. Kauli mbiu! Kivuko, oyee! (Oyee!) Maendeleo, oyee! (Oyee!) Ligombi, oyee! (Saini ya Ligombi, oyee!) Hapana, mmeongeza neno, lakini sawa, nimeipenda. Saini ya Ligombi, oyee! (Oyeee! Wanambeba juujuu. Kiatu kimoja kinaanguka.)

Nishusheni, jamani, nimalizie kushukuru. Nashukuru uongozi wa kijiji, nashukuru mwenye mashine, na nawashukuru sana ninyi mliovuka maji hadi mapajani ili mje kushuhudia uzinduzi wa kivuko ambacho, kwa jina langu, kwa mkono wangu na kwa mhuri wangu, nimethibitisha kwamba hakipo, hakijawahi kuwepo, na utekelezaji uanze mara moja. Eufrasia, mama, zimebaki wiki ngapi? (Saba.) Saba. Dereva, acha kupiga makofi, washa gari, tunapita ofisini kwanza. Nataka kujua mbao zinauzwa wapi.