Zawadi ya Bwana Tibbets

Royce Tibbets alikuwa anakula jibini la kukaanga kwenye kibanda kimoja cha Milwaukee, gazeti limelowa mafuta mkononi, alipoiona riziki yake ukurasa wa nne. Shule moja ya upande wa kusini ilikuwa na ruzuku ya kuwanunulia mashine za kusemea wanafunzi wasioweza kutamka. Hela zisipotumika mpaka mwisho wa Juni, zinarudi serikalini. Na siku hiyo ilikuwa tarehe mosi Juni.

Royce akalamba vidole, kimoja kimoja. Mkuu wa shule mwenye hela za kumaliza mwezi Juni ni laini kuliko siagi iliyosahauliwa juani.

Tena usimwite Royce mwizi, atakasirika. Mwizi huvunja mlango. Royce alifunguliwa, akapewa na kahawa.

Akanunua maboksi meupe arobaini. Ndani akatia fremu za picha, zile za dukani zilizokosa mnunuzi. Nje akabandika nembo aliyoichora mwenyewe. Lakini chambo bila nyama hakina samaki, kwa hiyo akauza gari lake na kununua mashine moja ya kweli kabisa, ile inayofuata macho: mtu anaziangalia herufi kwenye skrini, nayo inatamka. Angeionyesha hapo shuleni, airudishe mkobani, aende nayo mji mwingine.

Siku ya kikao alichopangiwa na mkuu wa shule, wiki ya mwisho ya Juni, alifika mapema, anasukuma kigari cha maboksi. Kwenye ukumbi wa nje akamkuta binti wa miaka kumi na tano kwenye kiti cha magurudumu. Huyo ndiye Maren Kowalczyk, ambaye angeijaribu mashine. Yake ya zamani ilikufa Februari, na tangu hapo alibakiwa na maneno mawili tu: kukonyeza mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Miezi minne! Hebu wewe jaribu kugombana na mama yako kwa kukonyeza.

Mama mwenyewe, Darlene, alikuwa amerudi garini kufuata miwani. Royce akampigapiga binti kichwani kama paka wa jirani, akatoa simu na kumpigia mshirika wake. Hakujisumbua hata kushusha sauti.

"Dutch, kaka, leo tunavuna! Nikishika hundi tu, naingia njia ya Chicago... Nani? Hapa hakuna mtu bwana, kuna katoto tu, hakasemi... Maboksi? Watafungua Septemba, wakute fremu. Si wabandike picha zao wakiwa wanalia!"

Maren akakonyeza mara moja.

Kikaoni walikuwa watu watano. Bwana Haugen, mkuu wa shule, alikuwa amekwisha kuchana nywele kwa ajili ya mpiga picha wa gazeti. Bi Fern, karani, alikuwa anaandika. Vikao hivi si vya mchezo: kila linalokubaliwa linaingia kwenye mpango wa masomo wa mtoto, watu wanatia saini, na likishatiwa saini hulitoi hata kwa bomba la zimamoto. Hundi ya dola laki moja na sitini elfu ilikuwa imelala mezani, chini ya kiwiko cha Haugen.

Royce akaiweka mashine mbele ya Maren. Macho ya binti yakaanza kutembea kwenye herufi.

"Mama," mashine ikasema. "Ile supu yako ya maharage. Siipendi."

Darlene akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Miezi minne nakulisha! Mwanangu, sema tena!"

"Mjomba Royce," mashine ikaendelea, "alikuwa kwenye simu."

"Aa, biashara ndogondogo tu, binti, sasa tuje kwenye—"

"Shhh!" Bi Fern akamtolea jicho. "Hajamaliza. Hapa mtu anasubiriwa."

Wakasubiri. Herufi moja. Ya pili. Jasho likamshuka Royce mgongoni kama limetumwa dukani.

"Nilimsikia. Amesema... mashine hii... ananiachia. Bure."

Royce akafungua kinywa. Maren akamtazama usoni, akarudi kwenye skrini.

"Alisema na mengine. Niendelee?"

"Usijichoshe, mwanangu!" Royce akaruka. "Ni kweli tupu! Zawadi! Kampuni yetu ina moyo!"

"Andika, Fern," akasema Haugen, amelainika.

"Nimeshaandika. Saini hapa, bwana."

Royce akatia saini, herufi zinakwenda upande. Akajituliza: gari limekwenda, mashine imekwenda, lakini hundi ile pale. Akanyoosha mkono.

Macho ya Maren yakaanza tena. Kila mtu akasubiri. Mkono wa Royce nao ukabaki hewani.

"Na wenzangu je? Maboksi yafunguliwe leo. Sasa hivi. Nataka kuona."

"Wazo zuri!" Haugen akapiga meza. "Mpiga picha yuko nje. Fern, mkasi!"

"Ngoja kwanza!" Royce akasimama mbele ya kigari, kakumbatia maboksi. "Kuna hitilafu ya kiwandani. Kubwa. Lazima yarudi yote."

"Na hundi?" Haugen akauliza.

"Ikae! Nunueni kwa watu waaminifu... yaani, wenye mzigo tayari!"

"Lakini Juni inaisha, bwana!"

Darlene alikuwa ameigeuza mashine, kavaa miwani. "Mbona waliotengeneza wameandika namba yao hapa nyuma? Bwana Haugen, piga simu, wanafunzi arobaini wanasubiri."

Haugen akapiga. Royce akasukuma kigari kuelekea mlangoni, maboksi yanagongana.

"Mjomba Royce."

Akasimama. Hata yeye, kumbe, alikuwa ameshajifunza kusubiri.

"Na chaja."

Royce akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akaitoa.