Hereni Ndani ya Beseni

Jumatatu, tarehe 4
Mwalimu wa uraia katuita wazazi. Kasema raia mwema huanzia nyumbani, hivyo wiki hii kila mtoto afue sare yake mwenyewe na aoshe vyombo. Mzazi asiguse! Atakayefanya vizuri atakuwa kiranja wa usafi. Binti yangu anakitaka hicho cheo mpaka chakula hakishuki. Jirani yangu, fundi cherehani, kaniuliza kama wangu anajua hata sabuni inakaa wapi. Nikamwambia ataona.

Jumanne, tarehe 5
Binti kafua. Kola nyeusi kama sufuria! Nimevumilia. Nimeshindwa. Nikamtuma chumvi dukani. Chumvi tunayo. Nikafua upya, nikaanika palepale, kwa vibanio vilevile. Nani atajua?

Jumatano, tarehe 6
Kaiona sare, kashangaa. "Mama, kumbe naweza!" Roho imeniuma. Kidogo tu. Jioni nikamtuma chumvi tena, nikasugua masufuria.

Alhamisi, tarehe 7
Balaa! Mwalimu kapita nyumba kwa nyumba bila taarifa. Kanikuta mikono ndani ya beseni mpaka viwiko, na sare ya mtoto humo. Nikasema natafuta hereni yangu. Akanitazama masikio. Zote mbili zipo. Hapo binti akaingia na pakiti ya tatu ya chumvi. Akatazama beseni, akaelewa.

"Kwa hiyo sikuweza," akasema, taratibu. Afadhali angelia.

Mwalimu hakunifokea. Kasema tu, "Mama, siku usipokuwepo, nani atamfulia?"

Binti kapewa nafasi mpaka Jumatatu. Mimi nimeamriwa nikae kitini, mikono mapajani.

Jumamosi, tarehe 9
Nimekaa. Mikono inawasha! Binti karudia kola mara tatu, ikatakata kweli. Fundi kachungulia juu ya ukuta, kaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, tarehe 11
Kapata! Kiranja wa usafi, beji kifuani! Nimelia mpaka fundi kaniletea kitambaa, ingawa mtoto wake kakosa. Kumbe ana utu.

Kesho asubuhi binti atasimamia wenzake wakifagia uwanja wa shule. Uwanja wote ule! Na vumbi lile, na kifua chake kile! Nimeazima ufagio mrefu. Fundi kakubali twende wote alfajiri, kabla watoto hawajafika. Tukiulizwa, tunatafuta hereni.